Shule na Mhuri: Usanifu Majengo katika Chuo Kikuu cha Illinois na Chimbuko la Leseni ya Taaluma

Shule ya Usanifu Majengo ya Chuo Kikuu cha Illinois, ambayo imekwisha kutimiza zaidi ya miaka 150 tangu itoe mhitimu wake wa kwanza, ina nafasi ya pekee katika historia ya elimu ya fani hiyo nchini Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kumpa mwanafunzi hati ya kuhitimu usanifu majengo, na ndiyo ambayo mwalimu wake mkuu alikaa katika bodi ya kwanza nchini humo kuwatahini wasanifu majengo na kuwapa leseni. Mambo hayo mawili, yaani hati ya chuo na leseni ya taaluma, mara nyingi hudhaniwa kuwa kitu kimoja kwa sababu hupatikana na mtu yuleyule na hufuatana kwa utaratibu uleule. Lakini historia ya shule hii inaonyesha kwamba yalizaliwa kwa haja tofauti, yakalelewa na watu tofauti, na yakahitaji muda mrefu kabla ya kukubaliana jinsi ya kuishi pamoja. Hati ya chuo hushuhudia kwamba mtu amefundishwa na amefaulu yale aliyofundishwa. Leseni, ambayo hutolewa na serikali na si na chuo, huuambia umma kwamba mtu huyo anaweza kukabidhiwa jengo litakalokaliwa na watu wengine, na kwamba likiharibika kwa kosa lake yuko wa kuulizwa.

Kabla ya shule na kabla ya sheria

Hadi katikati ya karne ya 19, Marekani haikuwa na shule ya usanifu majengo wala sheria iliyoeleza ni nani aruhusiwe kuifanya kazi hiyo. Seremala au mwashi aliyejua kusoma ramani na kukadiria vifaa aliweza kujitangaza kuwa msanifu majengo, akapokea wateja na kuwachorea nyumba, na hakuna mamlaka iliyoweza kumzuia. Kijana aliyetaka kujifunza kwa utaratibu alijiunga na ofisi ya msanifu mzoefu, akakaa humo miaka kadhaa akinakili michoro na kufuatana na bwana wake kwenye viwanja vya ujenzi, kwa njia ya uanagenzi, ambayo ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya uangalizi wa mjuzi. Wachache waliokuwa na uwezo wa fedha walivuka bahari kwenda Paris kusoma katika École des Beaux-Arts, shule ya sanaa iliyokuwa na sifa kuliko zote wakati huo, na Mmarekani wa kwanza kuingia humo katika fani ya usanifu alikuwa Richard Morris Hunt, mwaka 1846.

Mwaka 1857 kundi dogo la wasanifu lilikutana New York na kuunda Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani. Chama hicho kilijiwekea kanuni zake na kuwatofautisha wanachama wake na mafundi wa kawaida, lakini nguvu zake ziliishia kwa wanachama wenyewe: kiliweza kumfukuza mtu chamani, ila hakikuweza kumzuia kuendelea kujenga. Kwa hiyo, miaka arobaini kabla ya sheria ya kwanza, tayari lilikuwapo tabaka la watu waliojihesabu kuwa wanataaluma bila ya kuwapo kipimo chochote ambacho umma ungeweza kukitumia ili kuwatambua.

Njia ya elimu ilifunguliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1862, maarufu kwa jina la Justin Morrill aliyeipendekeza, ambayo iliyapa majimbo ardhi ya umma ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilianza kufundisha usanifu majengo mwaka 1868 chini ya William Robert Ware, aliyekuwa amesoma kwa Hunt, na Chuo Kikuu cha Cornell kikafuata mwaka 1871. Illinois nayo ilianzisha chuo chake mwaka 1867 kwa jina la Chuo Kikuu cha Viwanda cha Illinois, mjini Urbana, na milango yake ikafunguliwa Machi 1868. Jina la Chuo Kikuu cha Illinois lilikuja baadaye, mwaka 1885.

Ricker na mtaala wake

Nathan Clifford Ricker alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la Maine na alikuwa amekwisha kuwa fundi wa mbao kabla ya kuingia chuoni Urbana mwanzoni mwa mwaka 1870. Masomo ya usanifu yalikuwa bado machanga, vitabu vilikuwa haba, na walimu walikuwa wachache kiasi kwamba sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa juhudi zake mwenyewe. Alimaliza Machi 1873, miezi michache kabla ya mhitimu wa kwanza wa usanifu wa Massachusetts, na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuhitimu usanifu majengo katika chuo cha Marekani. Alichopewa siku hiyo hakikuwa shahada, kwa kuwa chuo chenyewe hakikuwa na mamlaka ya kisheria ya kutoa shahada hadi mwaka 1877. Ilikuwa hati ya kushuhudia masomo aliyoyamaliza. Ni vyema jambo hili likumbukwe, maana linaonyesha kwamba hati ya kwanza ya usanifu nchini humo ilikuwa na thamani ile tu ambayo aliyeishika angeweza kuithibitisha kwa kazi yake.

Baada ya kuhitimu, Ricker alikwenda Ulaya, akahudhuria Bauakademie ya Berlin, chuo cha serikali ya Prussia kilichofundisha ujenzi na usanifu kwa pamoja, na akafika Vienna, ambako mwaka huo kulikuwa na maonyesho ya kimataifa. Aliporudi alikabidhiwa uongozi wa masomo ya usanifu Urbana, kazi aliyoishika hadi mwaka 1910, na kwa miaka mingi ya mwanzo alikuwa karibu mwalimu pekee wa fani hiyo chuoni hapo. Safari ya Ulaya ndiyo iliyoipa shule tabia yake, kwani wakati vyuo vya pwani ya mashariki vilielekea Paris, vikiweka mbele uchoraji, upangaji wa sura ya jengo na mashindano ya michoro, Illinois ilielekea Berlin, ikaweka mbele ujenzi. Wanafunzi wa Ricker walifanya kazi katika karakana, wakaunganisha mbao kwa mikono yao, wakasoma tabia za chuma na matofali, na wakajifunza kukokotoa mizigo ya paa kwa njia ya michoro, somo ambalo Ricker aliliandikia kitabu mwaka 1885. Kwa kuwa maandishi mengi ya maana yalikuwa katika Kijerumani na Kifaransa, alitafsiri vitabu kadhaa kwa mkono wake ili wanafunzi wavisome, na kutokana na makusanyo yake ikakua maktaba ya shule inayobeba jina lake hadi leo.

Mtaala huo ulizaa wahitimu wa namna mbalimbali. Clarence Blackall, aliyehitimu mwaka 1877, alikwenda Boston na kusanifu huko jengo la kwanza la mji huo lenye fremu kamili ya chuma. Mary Louisa Page alihitimu mwaka 1879 na huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya usanifu majengo nchini Marekani. Mwaka 1890 shule ilianzisha programu ya uhandisi wa majengo, ambayo ni elimu ya kuhakikisha kwamba jengo lililobuniwa na msanifu litasimama, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Ricker mwenyewe, pamoja na kufundisha na kuongoza kitivo cha uhandisi kuanzia 1878 hadi 1905, alisanifu majengo kadhaa ya chuo, yakiwamo Jengo la Historia ya Viumbe la mwaka 1892 na, kwa ushirikiano na James White, maktaba ambayo leo huitwa Altgeld Hall. Katika miaka hiyo yote, hata hivyo, mhitimu wa Illinois alipotoka chuoni alikutana sokoni na mtu asiyesoma kabisa, na mbele ya sheria wote wawili walikuwa sawa.

Chicago na sheria ya mwaka 1897

Haja ya leseni ilitoka Chicago, umbali wa takriban kilomita 200 kaskazini ya Urbana. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliteketeza majengo zaidi ya 17,000, ukaua watu wapatao 300 na kuwaacha takriban watu 100,000 bila makazi. Ujenzi mpya ulikuwa wa haraka na wa faida kubwa, na ulivuta kila aina ya mtu: wasanifu hodari, mafundi wenye tamaa, na matapeli. Kisha katika miaka ya 1880 majengo yakaanza kupanda juu kuliko ilivyowahi kuonekana, hasa baada ya William Le Baron Jenney kutumia fremu ya chuma katika jengo la Home Insurance lililokamilika mwaka 1885. Katika nyumba ya ghorofa 2 ya matofali, kosa la mchoraji linaweza kufichwa na unene wa ukuta na uzoefu wa mwashi. Katika jengo la ghorofa 10 linalosimama juu ya udongo laini wa ukingo wa Ziwa Michigan, kosa la hesabu ya msingi au la kinga ya moto linaweza kuua watu wengi ambao hawakuwa na njia yoyote ya kumkagua aliyelichora.

Wasanifu wa magharibi ya kati waliuelewa uzito huo mapema. Mwaka 1884 waliunda chama chao, Umoja wa Wasanifu Majengo wa Magharibi, ambao ulidai leseni ya serikali kabla ya kuungana na Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani mwaka 1889. Mmoja wa watetezi wakubwa wa hoja hiyo alikuwa Dankmar Adler, mzaliwa wa Ujerumani na mshirika wa Louis Sullivan katika ofisi iliyojenga Auditorium ya Chicago mwaka 1889. Upinzani haukukosekana. Wakandarasi waliona kwamba wananyang'anywa riziki, baadhi ya wabunge walihofia kuundwa kwa kikundi cha wateule wachache watakaopandisha bei, na wapo wasanifu walioamini kwamba sanaa haipimwi kwa mtihani.

Sheria ilipopita mwaka 1897, ilibeba dalili za mabishano hayo yote. Iliunda bodi ya watahini 5 walioteuliwa na gavana, na ikaagiza kwamba mmoja wao awe mwalimu wa Chuo Kikuu cha Illinois, na wanne waliobaki wawe wasanifu wakazi wa jimbo waliofanya kazi hiyo kwa miaka isiyopungua 10. Waliokuwa wakifanya kazi wakati sheria inapita waliruhusiwa kupewa leseni bila mtihani, ila waliokuja baada yao walitakiwa kutahiniwa. Kila mwenye leseni alitakiwa awe na mhuri wenye jina lake na mahali pa ofisi yake, na augonge kwenye michoro inayotoka mikononi mwake, ili ijulikane daima ni nani anayewajibika. Leseni iliweza kufutwa kwa sababu ya kutojua kazi kupindukia, uzembe katika ujenzi au udanganyifu. Wakati huohuo, sheria haikumzuia mtu kuchora ramani ya jengo lake mwenyewe, jambo linaloonyesha wazi kwamba kilicholindwa kilikuwa usalama wa mtu wa tatu, yaani mpangaji, mpita njia na mfanyakazi, ambaye hakuchagua msanifu wala hakumlipa.

Katika bodi hiyo ya kwanza walikaa Adler, Ricker, na Peter Wight, bingwa wa ujenzi wa kuhimili moto aliyekuwa katibu wake kwa miaka mingi. Adler hakuwahi kusoma shule ya usanifu; alijifunza katika ofisi za Detroit na Chicago, na elimu yake ya uhandisi aliiongeza alipokuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ricker alikuwa mhitimu wa kwanza wa usanifu nchini. Waliokaa pamoja kupima wengine, basi, walikuwa ni uanagenzi na chuo, na hakuna kati yao aliyeweza kudai kwamba njia yake ndiyo ya pekee, maana ushahidi wa kinyume ulikuwa umeketi upande wa pili wa meza. Hilo liliipa leseni ya Illinois msingi ambao umeendelea kujadiliwa tangu hapo: bodi ilimpima mtahiniwa kwa kile anachokijua, na chuo kilikuwa njia mojawapo ya kukijua. Ricker alihudumu katika bodi hiyo kwa karibu miaka 20, sehemu kubwa akiwa mwenyekiti wake, na kiti cha mwalimu wa chuo katika bodi ya leseni ya Illinois kingali kimewekwa na sheria mpaka sasa.

Wahitimu mbele ya bodi

Matokeo ya mpango huo yaliwafikia haraka watu ambao milango mingine ilikuwa imefungwa mbele yao. Marion Mahony, aliyehitimu Massachusetts mwaka 1894, alifaulu mtihani wa Illinois mwaka 1898, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kupewa leseni ya usanifu majengo. Walter Burley Griffin, aliyehitimu Urbana mwaka 1899 akiwa mwanafunzi wa Ricker, alipata leseni yake mwaka 1901. Wote wawili walifanya kazi katika ofisi ya Frank Lloyd Wright, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumaliza chuo. Walioana mwaka 1911, na mwaka uliofuata mpango wao ukashinda shindano la kusanifu Canberra, mji mkuu mpya wa Australia.

Walter Bailey aliingia Urbana kutoka mji mdogo wa Kewanee na mwaka 1904 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu usanifu majengo katika shule hiyo, na baadaye msanifu mweusi wa kwanza kupewa leseni katika jimbo la Illinois. Aliongoza masomo ya usanifu katika Taasisi ya Tuskegee, jimbo la Alabama, akafanya kazi Memphis, kisha akarudi Chicago, ambako kanisa la First Church of Deliverance, lililokamilika mwaka 1939, bado linasimama kama kazi yake inayojulikana zaidi. Maisha yake yanaonyesha uwezo wa leseni pamoja na mipaka yake. Mtihani wa serikali ulikuwa kipimo ambacho mtu mweusi aliweza kukipita kwa haki yake bila ya kusubiri kukubaliwa na chama cha wasanifu au kupendekezwa na tajiri. Lakini leseni haikuweza kumletea wateja, na katika nchi iliyotenganisha watu kwa rangi, kazi zake nyingi zilitoka kwa makanisa, vyuo na vyama vya watu weusi wenzake. Shule ilimfundisha na serikali ikamtambua, ila soko halikulazimika kufanya lolote.

Kutoka jimbo hadi taifa

Illinois ilipofungua njia, majimbo mengine yalifuata moja baada ya jingine, California ikiwa miongoni mwa ya mwanzo mwaka 1901 na New York ikijiunga mwaka 1915, mpaka ilipofika mwaka 1951 majimbo yote yakawa na sheria za aina hiyo. Kwa kuwa kila jimbo lilitunga sheria yake na mtihani wake, msanifu aliyepewa leseni Chicago alikuwa mgeni wa kisheria mara avukapo mpaka kwenda Indiana. Ili kuondoa kero hiyo, mwaka 1919 wasanifu 15 kutoka majimbo 13 walikutana Nashville, wakati wa mkutano wa Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, wakaweka msingi wa Baraza la Kitaifa la Bodi za Usajili wa Wasanifu Majengo. Miongoni mwa waliosukuma jambo hilo walikuwamo Emery Stanford Hall wa Chicago na Emil Lorch, mkuu wa masomo ya usanifu katika Chuo Kikuu cha Michigan, hivyo kwa mara nyingine mwalimu na mtahini walikaa pamoja.

Upande wa vyuo nao ulikuwa umejipanga. Mwaka 1912 shule za usanifu ziliunda umoja wao, ambao ulijaribu kuweka kiwango cha chini cha masomo kwa wanachama wake, lakini kiwango hicho kiliachwa mwaka 1932 kwa kuwa kilibana ubunifu wa mitaala. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1940, pale umoja wa shule, chama cha wasanifu na baraza la bodi za usajili walipokubaliana kuunda Bodi ya Kitaifa ya Ithibati ya Usanifu Majengo. Ithibati ni uthibitisho kwamba programu ya masomo, na si mwanafunzi mmojammoja, imekaguliwa na kuonekana kuwa inafikia kiwango kilichokubaliwa. Orodha ya kwanza ya shule zilizopata ithibati ilitolewa mwaka 1945. Kuanzia hapo mambo matatu yaligawanywa: chuo kilifundisha, bodi ya ithibati ilikagua chuo, na bodi ya jimbo ilimpima mhitimu.

Mgawanyo huo ulileta utulivu, lakini pia uliziba taratibu njia ambayo Adler aliipitia. Kufikia mwaka 1984, baraza la kitaifa liliifanya shahada yenye ithibati kuwa sharti la kawaida la cheti chake, ambacho humrahisishia msanifu kupata leseni katika majimbo mengine, na majimbo mengi yakaingiza sharti hilohilo katika sheria zao. Uanagenzi wa kale haukufa. Ulibadilishwa ukawa mpango rasmi wa mafunzo kazini, ulioanza mwaka 1976, ambapo mhitimu huandika saa zake za kazi chini ya msimamizi mwenye leseni. Mpango huo, uliopewa jina jipya mwaka 2016, sasa unadai saa 3,740 katika maeneo 6, kuanzia uendeshaji wa ofisi hadi usimamizi wa ujenzi. Mtihani nao ulibadilika. Kwa miongo kadhaa watahiniwa walikaa kwenye meza za kuchorea kwa saa 12 wakisanifu jengo zima kwa kalamu na rula. Mwaka 1983 ulianzishwa mtihani mmoja wa kitaifa wa usajili, mwaka 1997 ukahamia kwenye kompyuta, na toleo lililoanza mwaka 2016 lina sehemu 6.

Shule ya Illinois ilijipanga upya ndani ya mfumo huo. Leo mwanafunzi husoma kwanza shahada ya miaka 4 ya masomo ya usanifu, ambayo peke yake haina ithibati ya kitaaluma, kisha huendelea na shahada ya uzamili ya usanifu majengo, ambayo ndiyo yenye ithibati. Hata akishaipata, hana ruhusa ya kujiita msanifu majengo mbele ya umma mpaka amalize saa za mafunzo na kufaulu mtihani. Kwa mujibu wa takwimu za baraza la kitaifa za miaka ya karibuni, safari hiyo yote, kuanzia mwaka wa kwanza wa chuo hadi leseni, huchukua kwa wastani takriban miaka 13, na urefu huo umezua lawama kwamba wasio na fedha huchujwa na muda hata kabla ya kuchujwa na mtihani. Ndiyo maana mwaka 2015 baraza lilikubali mpango unaoziruhusu baadhi ya shule kuunganisha masomo, mafunzo kazini na mtihani katika kipindi kimoja, na mwaka 2023 likaondoa kanuni iliyokuwa ikifuta sehemu za mtihani zilizofaulu ikiwa mtahiniwa hakumaliza zilizobaki ndani ya miaka 5. Baadhi ya majimbo, kwa upande wao, hayakuwahi kufunga kabisa mlango wa wale waliojifunza ofisini, na mjadala wa kuupanua mlango huo umerudi kwa nguvu.

Nje ya mipaka ya Marekani

Uhusiano wa shahada na leseni umevuka pia mipaka ya nchi. Mwaka 2008, katika mji uleule uliosanifiwa na Griffin na Mahony, vyombo vya ithibati kutoka nchi na maeneo mbalimbali vilitia saini Mkataba wa Canberra, ambamo kila upande ulikubali kwamba mifumo ya wenzake ya kuthibitisha shahada za usanifu ina uzito unaokaribiana na wa kwake. Bodi ya ithibati ya Marekani ilikuwa mshiriki, na Chama cha Wasanifu Majengo cha Jumuiya ya Madola, ambacho eneo lake linagusa Kenya, Tanzania na Uganda, kilishiriki vilevile. Mkataba huo unahusu elimu tu. Mhitimu ambaye shahada yake imetambuliwa hupunguziwa mzigo wa kuthibitisha kwamba alisoma, lakini hapewi haki ya kugonga mhuri katika nchi nyingine, kwa kuwa haki hiyo hubaki mikononi mwa bodi ya usajili ya mahali anapotaka kujenga, yenye sheria zake za moto, udongo wake, na mahakama zake.

Funzo la miaka 150

Katika historia hii yote, ugomvi kati ya elimu na leseni ulitokea kila upande mmoja ulipojaribu kufanya kazi ya mwingine. Vyuo vilipojiwekea kiwango kimoja cha masomo kana kwamba ndicho kipimo cha utendaji, kiwango hicho kilivunjika ndani ya miaka 20. Bodi zilipoifanya shahada kuwa mlango pekee, zilijikuta miongo michache baadaye zikitafuta namna ya kuufungua tena. Mambo yalikwenda vizuri zaidi pale kila upande ulipobaki na kazi yake huku ukiwa na mtu wake katika kikao cha mwenzake, kama ilivyokuwa katika bodi ya mwaka 1897, ambapo profesa alisikia kutoka kwa wasanifu ni makosa gani yanaangusha majengo, na wasanifu wakasikia kutoka kwa profesa ni elimu gani inaweza kufundishwa kabla ya makosa hayo kutokea.

Ricker alifariki mwaka 1924, akiwa ameona fani iliyoanza na hati moja isiyo hata shahada ikiwa imeenea katika vyuo na majimbo ya nchi nzima. Shule aliyoijenga haikumiliki leseni wakati wowote, wala haikupaswa kuimiliki, kwa sababu anayefundisha akiwa ndiye pia anayeruhusu, umma hukosa shahidi wa tatu. Ilichokifanya ni kuhakikisha kwamba mtihani wa serikali unauliza mambo yanayoweza kusomwa, na kwamba mambo yanayosomwa yana uzito katika jengo litakalosimama. Nchi yoyote inayotunga au kurekebisha sheria ya usajili wa wasanifu majengo wake ina haki ya kuchagua urefu wa masomo, idadi ya saa za mafunzo na namna ya mtihani; lakini ikiviacha vyuo nje ya bodi, au ikiiacha bodi mikononi mwa vyuo, itakuwa imepuuza jambo ambalo Illinois ililiweka sawa tangu sheria yake ya kwanza.